Bangkok kwa Bajeti Ndogo: Tathmini ya Ziara Fupi Inayotegemea Boti

Mgeni mwenye siku chache na fedha za kuhesabu akifika Bangkok hupokewa kwanza na msongamano: barabara zimejaa, jua ni kali, vivutio vimetawanyika, na karibu kila kona yupo mtu aliye tayari kumpeleka mahali kwa bei ambayo mgeni hana namna ya kujua kama ni ya haki. Nimeuzunguka mji huu kwa treni, basi, teksi, boti na kwa miguu, na uamuzi ninaousimamia katika tathmini hii ni mmoja. Ziara fupi na nafuu ya Bangkok hufana au huharibika kulingana na namna mgeni anavyoyatumia maji. Boti za abiria za mto Chao Phraya, pamoja na zile za mfereji wa Saen Saep, ndizo huduma bora kuliko zote nilizolipia mjini humo, na bei zake ni miongoni mwa zile za chini kabisa.

Sababu ya jambo hilo imo katika historia ya mji wenyewe. Baada ya Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Siam (jina la kale la Thailand), kutekwa na kuchomwa moto na majeshi ya Burma mwaka 1767, makao ya ufalme yalihamia Thonburi, katika ukingo wa magharibi wa Chao Phraya. Kisha mwaka 1782 Mfalme Rama I, mwanzilishi wa ukoo wa Chakri unaotawala hadi leo, akavuka mto na kujenga mji mkuu mpya katika ukingo wa mashariki. Kwa miaka mingi baada ya hapo mifereji ndiyo iliyokuwa mitaa, na mto ndio uliokuwa barabara kuu. Hata kile kipande cha mto kinachopita mbele ya Kasri Kuu kilianza kama mfereji uliochimbwa katika karne ya 16 ili kufupisha kona ndefu ya mto, na maji yakaupanua taratibu hadi ukawa ndio mto wenyewe. Majengo mengi ambayo wageni huyafuata Bangkok yalijengwa karibu na mto huo.

Taratibu za kuingia nchini zishughulikiwe mapema. Tangu Mei 2025 kila mgeni anayeingia Thailand hutakiwa kujaza kadi ya kidijitali ya kuwasili katika tovuti ya idara ya uhamiaji ndani ya siku 3 kabla ya kufika, bila malipo yoyote, kwa hiyo tovuti inayodai ada kwa ajili ya kadi hiyo iepukwe. Wasafiri wanaotoka katika nchi zilizo kwenye orodha ya homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwake, hutakiwa pia kuonyesha cheti cha chanjo, na kaunta ya ukaguzi wa afya hutangulia ile ya pasipoti. Asiyelijua hilo hupanga foleni ndefu ya uhamiaji kisha akaelekezwa arudi nyuma. Kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, treni hufika kituo cha Phaya Thai kwa takriban nusu saa na kwa nauli ya baht 45, na hapo abiria huunganisha na treni ya juu ya BTS. Teksi ya mita kwa safari hiyo hiyo huongezewa baht 50 za uwanja pamoja na ushuru wa barabara za kulipia, hivyo inafaa tu kwa watu watatu au wanne wanaochangia. Kuhusu fedha, mashine za benki hukata takriban baht 220 kila mara mgeni anapotoa pesa kwa kadi ya nje, na kwa mwenye bajeti ndogo makato hayo yakirudiwa ni hasara ya kweli. Ni heri kubadilisha fedha taslimu katika vibanda vilivyo ghorofa ya chini ya uwanja, karibu na lango la treni, ambako viwango huwa bora kuliko vile vya ukumbi wa kuwasili.

Malazi nafuu yapo kila mahali, na hapo ndipo wengi hupotea. Vyumba vya bei ya chini huonekana kwa wingi maeneo ya mbali, na mgeni hujipongeza kwa baht alizookoa, kisha akazimaliza katika nauli na saa za kukaa kwenye foleni ya magari. Mimi nilichagua nyumba ndogo ya wageni katika eneo la Banglamphu, hatua chache kutoka gati la Phra Arthit. Chumba kilikuwa safi na kitanda kigumu, dirisha lilitazama ukuta wa jirani, na muziki wa baa za mtaa wa pili ulisikika hadi usiku wa manane ingawa mwenyeji alikuwa amenihakikishia utulivu. Pamoja na hayo ningelala hapo tena, kwa sababu asubuhi nilikuwa gatini kabla chai haijapoa. Ushauri wangu ni kwamba mgeni apime umbali kutoka chumba hadi gati kabla ya kuangalia picha za chumba chenyewe, na kama anapenda usingizi akae mbali na barabara ya Khao San, ambayo usiku haina tofauti na ukumbi wa disko usio na paa.

Sasa nizungumzie boti zenyewe. Boti za mto hutambulishwa kwa rangi ya bendera iliyopandishwa nyuma, na bendera ya kukumbuka ni ile ya machungwa. Nauli yake wakati wa ziara yangu ilikuwa baht 16, iwe mtu anashuka gati linalofuata au anakwenda hadi mwisho wa njia, na boti hizo hupita tangu alfajiri hadi magharibi. Zile za bendera ya njano na za kijani na njano huwahudumia zaidi wafanyakazi wakati wa asubuhi na jioni, nazo huruka magati mengi, hivyo mgeni asiyetazama bendera anaweza kupitishwa mbali na alikokusudia. Bendera ya buluu ni ya boti ya watalii, yenye viti vya kutosha na maelezo ya Kiingereza, ambayo tiketi yake ya siku nzima huuzwa baht 150. Boti hiyo haina ubaya wowote, na kwa mtu mwenye watoto wadogo au magoti yanayouma ningeipendekeza bila kusita. Hata hivyo, mwenye bajeti ndogo aelewe kuwa maji ni yale yale na majengo ni yale yale. Katika gati la Sathorn, lililo chini ya kituo cha BTS cha Saphan Taksin, wauzaji wa tiketi za watalii ndio wanaoonekana kwanza, nao huwaita wageni kwa sauti. Foleni ya boti ya machungwa iko hapo hapo pembeni, na wenyeji waliobeba mifuko ya sokoni ndio dalili nzuri ya kuitambua.

Ndani ya boti kuna utaratibu unaopendeza kuutazama. Kondakta, mara nyingi mwanamke wa makamo, hupita katikati ya abiria akiwa na kopo refu la chuma lenye tiketi na sarafu, akilitikisa ili lilie na asiyelipa aelewe kuwa zamu yake imefika; hupokea noti, hukata tiketi kwa ukingo wa kopo lile lile, na hurudisha chenji bila kukosea hata boti inapoyumba. Nyuma husimama kijana mwenye filimbi. Nahodha aliye mbele haoni vizuri jinsi ubavu wa nyuma unavyoukaribia ukingo, kwa hiyo kijana huyo humwongoza kwa milio, mifupi na mirefu, ambayo nahodha huitafsiri kuwa rudi, sogea, simama; kisha huruka gatini na kuizungusha kamba nguzoni, abiria wakashuka na wengine wakapanda, na kabla mgeni hajapata pa kushika boti imeng'oka tena. Yote hayo huchukua muda mfupi mno. Anayetaka kushuka aanze kusogea nyuma gati likiwa bado mbali. Karibu na mlango huo imetengwa sehemu ya watawa wa Kibuddha, na wanawake wanapaswa kuacha nafasi, kwa kuwa mtawa haruhusiwi kugusana na mwanamke.

Kutoka Sathorn kuelekea kaskazini, macho hayapumziki. Hoteli kubwa hufuatiwa na maghala ya zamani na gati la Ratchawong ambalo ni mlango wa mtaa wa Wachina. Kisha boti hupita chini ya Daraja la Ukumbusho, lililofunguliwa mwaka 1932 Bangkok ilipotimiza miaka 150, na karibu na hapo, ukingo wa kushoto, huonekana kuba la kanisa la Santa Cruz katika mtaa walioishi Wareno na vizazi vyao. Matishari yaliyosheheni mchanga huvutwa polepole na boti ndogo yenye nguvu za kushangaza. Mbele kidogo mnara wa Wat Arun huchomoza kushoto na mapaa ya Kasri Kuu yakang'aa kulia. Kwa nauli ya baht 16 mtu ameuona mji kwa mpangilio ambao waliojenga walikusudia uonekane.

Kasoro zipo na sitazificha. Kuanzia saa kumi na moja jioni boti hujaa kupita kiasi, mtu husimama akibanwa huku moshi wa injini ukimfikia usoni. Mchana katikati ya juma pengo kati ya boti na boti huweza kurefuka. Na kupanda kunahitaji hatua ya haraka juu ya ufa unaocheza, jambo ambalo mzee au mtu mwenye ulemavu hataliweza bila kushikwa mkono. Kubwa kuliko yote ni kwamba huduma ya machungwa hukoma mapema jioni, wakati mji ndio kwanza unachangamka. Naipa alama 9 kati ya 10, na hiyo 1 nimeiondoa kwa sababu ya saa hizo za kufunga.

Kwa kuwa boti humfikisha mgeni kwenye malango ya vivutio vikubwa vitatu, inafaa kusema wazi kipi kinastahili kiingilio chake, maana hapa ndipo fedha huondoka. Wakati wa ziara yangu mgeni alilipa baht 500 kuingia Kasri Kuu, baht 300 Wat Pho na baht 200 Wat Arun. Jumla ni baht 1,000, kiasi ambacho kingelipia safari zaidi ya 60 za boti ya machungwa.

Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782, lina hekalu la Buddha wa Zumaridi, sanamu takatifu kuliko zote nchini Thailand. Sanamu hiyo imechongwa katika jiwe la kijani lisilo zumaridi, ina urefu wa sentimita 66 hivi, na imewekwa juu sana kiasi kwamba mgeni huiona kama mtoto aliyeketi kileleni mwa mlima wa dhahabu. Ilichukuliwa Vientiane mwaka 1779, ikakaa kwanza Wat Arun, kisha mwaka 1784 ikavushwa mto na kuletwa ilipo. Mavazi yake hubadilishwa mara tatu kwa mwaka, na mfalme mwenyewe ndiye huongoza ibada hiyo mwanzoni mwa majira ya joto, ya mvua na ya baridi. Michoro ya ukutani inayozunguka ua wa hekalu, yenye masimulizi ya Ramakien, utenzi mkuu wa Thailand, ingetosha kumshughulisha mtu asubuhi nzima kama umati ungemruhusu. Umati haumruhusu. Makundi ya watalii huanza kuingia lango linapofunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na kufika saa nne kivuli chochote kimeshapata mwenyewe. Nguo hukaguliwa kwa makini: mabega na magoti lazima yafunikwe, na suruali zilizochanika hazikubaliwi. Kwa anayefika Bangkok kwa mara ya kwanza bado nasema alipe, lakini awe mlangoni kabla ya kufunguliwa.

Wat Pho ndilo hekalu nililolipenda kuliko yote. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, naye amejaza jengo lake karibu ukuta kwa ukuta, hivi kwamba mgeni hamwoni mzima; humwona kwa vipande kati ya nguzo, uso kwanza, kisha mkono, kisha kiwiliwili kirefu cha dhahabu. Mwishoni kuna nyayo, na hapo nilisimama muda mrefu. Zimetiwa magamba ya chaza yanayometameta, yaliyokatwa na kupangwa kuwa alama 108 za heri: tembo, maua, mahekalu, vyombo vya ibada, kila moja ndani ya mraba wake. Nyuma ya sanamu zimepangwa bakuli 108 za shaba, na waumini huzipitia wakidondosha sarafu ndogo moja moja, mlio wake ukijaza jengo zima. Wengi huridhika hapo na kutoka, wakati nyua za nje ndizo zenye elimu. Katika karne ya 19 Rama III aliamuru maarifa ya tiba, ukandaji na fasihi yachongwe kwenye mabamba ya mawe na kuwekwa hekaluni ili yeyote ajifunze, na UNESCO imeyaingiza maandishi hayo katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Shule ya ukandaji iliyomo humo bado inafundisha. Kukandwa hapo ni ghali kuliko katika maduka ya mitaani, na kwa bajeti ndogo ya mtaani inatosha.

Wat Arun inafikiwa kwa kivuko kutoka gati la Tha Tien, kwa nauli ya baht 5. Mnara wake mkuu umepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure vilivyopangwa kuwa maua, na ukiwa karibu unaweza kuona ukingo wa sahani na mviringo wa kikombe. Ni kazi ya mikono ya kustaajabisha. Hata hivyo, siku hizi ua umejaa watu waliokodi mavazi ya kitamaduni ili wapigwe picha, na ngazi zenye mandhari nzuri hugeuka foleni. Mwenye fedha kidogo anaweza kuridhika kuitazama Wat Arun kutoka ukingo wa Tha Tien jua linapozama, na kiingilio hicho akakipeleka kwingine.

Kwingine kwenyewe ni Wat Saket, hekalu la Mlima wa Dhahabu. Kilima hicho kilijengwa kwa mikono, na ngazi zake zinazozidi 300 hupanda kwa mzunguko mpole kati ya miti na kengele hadi kwenye upepo wa juu, ambako mji mkongwe wote huonekana chini. Kiingilio nilicholipa kilikuwa baht 100. Chini yake kidogo liko gati la Phan Fa, mwanzo wa boti za mfereji wa Saen Saep, na hapo huanza sehemu ya ziara ambayo vitabu vya watalii huipa mistari miwili tu.

Mfereji huo ulichimbwa kati ya mwaka 1837 na 1840, enzi za Rama III, ili kusafirisha askari na silaha kuelekea mashariki wakati wa vita vya kugombea Kambodia dhidi ya Vietnam. Leo hubeba makarani, wanafunzi na wauza maduka. Boti zake ni ndefu na nyembamba, na paa hushushwa ili zipite chini ya madaraja ya chini. Makondakta huvaa helmeti na kutembea juu ya ukingo wa nje wa boti, wakishika kamba kwa mkono mmoja na kukusanya nauli kwa mwingine. Abiria wa pembeni hupewa kazi pia: boti mbili zinapopishana, aliyekaa kandokando huvuta kamba na pazia la turubai hupanda kuzuia maji yasiwarukie watu. Maji yenyewe ni machafu na yananuka, sina namna nyingine ya kulisema hilo, na kinywa kibaki kimefungwa. Lakini kwa nauli ya baht chache, kutoka mji mkongwe hadi katikati ya maduka makubwa ya Pratunam ni dakika zisizofika hata nusu ya zile ambazo teksi ingetumia jioni. Pratunam abiria wote hushuka na kuhamia boti nyingine kama wanaendelea mashariki.

Katika gati la Hua Chang inafaa kushuka. Hapo ipo nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeipa hariri ya Thailand soko la dunia baada ya Vita Kuu vya Pili na kisha akatoweka nchini Malaysia mwaka 1967 bila kupatikana hadi leo. Nyumba yake iliunganishwa kutokana na nyumba kadhaa za kale za mbao za msaji. Ng'ambo ya mfereji uko mtaa wa Ban Khrua, unaokaliwa na Waislamu wa asili ya Cham ambao wazee wao walipewa ardhi hiyo enzi za Rama I, na ambao mikono yao ndiyo iliyofuma hariri aliyoinunua Thompson. Vichochoro vyake ni vyembamba, paka wamelala vizingitini, na mfumaji akiwa kazini sauti ya kitanda chake cha kufumia husikika kabla ya mlango kuonekana. Hakuna kiingilio. Mgeni aingie kwa adabu, kwa kuwa hizo ni nyumba za watu.

Chakula hakitakiwi kumtisha mwenye bajeti. Sahani ya wali na nyama iliyokaangwa kwa mrehani na pilipili, yai juu yake, hupatikana kwa baht 50 hadi 70 katika vibanda vya kawaida, na kumbi za chakula za maduka makubwa kama Terminal 21 huuza kwa bei zisizopishana sana na hizo, zikiongeza kiyoyozi. Saladi ya papai bichi hutwangwa mbele ya mteja katika kinu, pamoja na ndimu, karanga, pilipili na maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi; anayeomba pilipili kidogo bado atatoka jasho. Tambi za boti, zilizokuwa zikiuzwa mifereji yote, sasa huliwa katika vibanda karibu na Mnara wa Ushindi, bakuli moja likiwa dogo kiasi cha kumalizwa kwa matonge machache. Supu yake kwa desturi hukolezwa kwa damu, na nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi, kwa hiyo Mwislamu atafute alama ya halali yenye umbo la almasi. Vibanda vilivyo karibu na msikiti wa Haroon, kando ya gati la Oriental, ni mahali pa kutegemewa.

Jioni boti zinapopumzika, treni ya chini ya ardhi huchukua nafasi yake, na tangu mwaka 2019 ina kituo cha Wat Mangkon ndani ya mtaa wa Wachina. Barabara ya Yaowarat ikiwaka taa zake nyekundu na njano, wapishi huziba njia za miguu kwa meza na moto, na harufu ya vitunguu saumu humfikia mtu kabla hajatoka kituoni. Bei ni juu kidogo kuliko mitaa mingine na foleni za vibanda mashuhuri hazina maana yoyote; kibanda cha jirani hupika vizuri vile vile. Jumatatu wachuuzi wengi hupumzika. Anayefika mapema apitie Wat Traimit, yenye Buddha wa dhahabu mwenye uzito wa tani 5.5, aliyefichwa kwa muda mrefu ndani ya plasta hadi mwaka 1955 alipokuwa akihamishwa na plasta ikapasuka.

Tahadhari moja ni ya lazima. Karibu na Kasri Kuu kuna watu waliovaa vizuri na wenye maneno matamu ambao humwambia mgeni kuwa kasri limefungwa leo kwa ibada maalumu, kisha humwitia tuktuki ya kumzungusha kwa baht 20 au 40. Mzunguko huo huishia duka la vito au la mshona suti, ambako dereva hupata kamisheni na mgeni hushinikizwa kununua. Mara nyingi kasri huwa halijafungwa. Mtu atembee hadi langoni ajionee mwenyewe. Anayefika kwa boti na kushuka Tha Chang ana hatua chache tu za kutembea, na hukutana na watu hao mara chache.

Bustani ya Lumphini ni ya bure na ina kenge wakubwa wanaoogelea ziwani bila kujali watu. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa na kila mtu husimama, mgeni naye afanye hivyo. Soko la Chatuchak, lenye vibanda zaidi ya 15,000, hufaa Jumamosi au Jumapili asubuhi na mapema kwa anayependa kununua. Wengine wanaweza kuliacha bila kujuta.

Mwenye nusu siku isiyo na mpango apande boti ya machungwa hadi mwisho wa njia, Nonthaburi. Nauli haibadiliki. Baada ya Phra Arthit na Daraja la Rama VIII watalii karibu wote wameshashuka, mto hupanuka, na kingoni hujitokeza nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, mahekalu ya mitaa na watu wanaowalisha kambare mkate. Gatini Nonthaburi kuna mnara wa saa, jumba la zamani la mbao lililokuwa makao ya mkoa, na soko linalouza samaki, mboga na matunda kwa bei zilizoandikwa kwa ajili ya wenyeji. Eneo hilo linasifika kwa duriani, na msimu wake ukifika harufu humpokea abiria kabla ya kamba kufungwa. Ale hapo mchana, na aulize saa ya boti ya mwisho ya kurudi mjini kabla ya kuondoka gatini.